Migomba ya Nyuma ya Jiko

Kamugisha mjukuu wangu,

Salamu utazipata kwa mdomo kesho asubuhi, maana tunalala nyumba moja na ukuta unaotutenganisha ni mmoja. Sasa hivi umekwenda kuagana na wenzako, na mkishakaa kwenye rubisi, hiyo pombe yenu ya ndizi, hamwinuki upesi, kwa hiyo nina nafasi ya kutosha. Nimekaa barazani, jua bado liko juu ya paa la jiko, na kuku wako wanapita pita miguuni kwangu kana kwamba wao pia wanataka kusoma.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kihaya changu siku hizi hukisikii. Tangu urudi kutoka shuleni nikikuambia jambo wakati wa kula unanijibu kwa Kiswahili, nikilirudia unainuka na kusema umechoka. Basi nimekufuata huko huko uliko, usije ukasema hukuelewa. Shule yangu unaijua. Ni yale madarasa ya ubatizo kwa Walutheri, na mwalimu alikuwa akinichapa kwa sababu nilikuwa nauliza. Herufi zangu zimeinama kama migomba baada ya mvua ya mawe. Zisome hivyo hivyo.

Sitakuandikia habari za kufua shati wala za kurudi nyumbani mapema. Hayo unayajua, na kama huyajui mji utakufundisha kwa kukuaibisha. Nina jambo moja tu, nalo ni migomba ya nyuma ya jiko.

Juzi ulisema, tena mkono wako ukiwa ndani ya chakula changu, "Bibi, ile migomba ya chakula nitaikata yote. Nimeshaongea na vijana wa Ngenge, watakuja nikishaondoka. Pale tutapanda mibuni mitupu."

Nikakuuliza, "Na mimi nitakula nini?"

Ukacheka. Ukasema lile duka kubwa la Bukoba walikokuajiri lina kila kitu, na kila mwezi utanitumia kwa basi unga, mchele, sukari na samaki wa kopo. Ukasema nitapumzika kubeba nyasi na samadi. "Utakula kama bibi wa kizungu." Ukamalizia ndizi zilizobaki kwenye jani, ukanawa, ukatoka. Nami nikabaki nalitazama lile jani tupu nikijiuliza kama huyu niliyemlea ana macho au ana matundu tu usoni.

Kibanja, nyumba hii na shamba lake lote, ni chako, hilo sibishani nalo. Babu yako alikukabidhi mbele ya wazee wa ukoo ulipokuwa bado unavuta suruali kwa mkono, kwa sababu baba yako alikuwa ameshatutangulia. Mimi ni mjane niliyeachiwa pa kulala na pa kuchimba. Nikienda kwa wazee kulia watasema, "Ma Justa, mwenye kibanja amesema." Kwa hiyo siendi. Nakuandikia wewe.

Unakumbuka uliponipeleka mjini nikaone utakapofanya kazi? Tulilala kwa shangazi yako kule mtaa wa Kashai, asubuhi ukanivalisha kanga mpya kana kwamba tunakwenda harusini. Tukaingia. Sikatai, ni duka refu, sakafu inateleza, na vitu vimepangwa kama watu kanisani. Nikamwendea yule kijana mwenye koti jeupe nikamwambia nataka chumvi ya kujaza jani.

"Bibi, chumvi iko kwenye pakiti."

"Naiona. Ifungue."

"Hatufungui, bibi. Unachukua yote."

"Basi nionje kwanza, nijue kama ni chumvi."

"Imeandikwa hapo."

Nikamwambia ulimi wangu haukusoma shule. Wewe ukanivuta kanga kwa nyuma kama mtu anayezuia mbuzi. Nikauona mkebe wenye picha ya samaki. Nikamuuliza huyu ni wa ziwa gani.

"Ametoka ng'ambo, bibi. Alikuja kwa meli."

"Na ziwa hili hapa chini lilikauka lini?"

Akina mama wawili wa kizungu waliokuwa wakinunua waligeuka. Wewe ulitaka ardhi ikumeze, nilikuona. Lakini ulipita mlangoni kama mimi, ukawaona wanawake wamekaa juani na sato waliovuliwa asubuhi ile ile, bado wanapumua, na askari anawaambia wasogee kwa sababu mwenye duka hataki nzi. Samaki aliyekufa sijui mwaka gani anakaa kivulini, aliye hai anafukuzwa. Nikakuambia, ukajibu, "Bibi, huo ndio usafi." Sawa. Kwenye basi nilitazama dirishani mpaka Muleba, nawe ukafikiri nimechoka na safari.

Nilikuwa namfikiria Mama Zera. Wewe unamwona yule mama wa Kihindi wa pale njia panda kama kitu cha zamani, duka lake la bati lenye giza, harufu ya mafuta ya taa na bizari, na paka anayelala juu ya gunia la maharage. Sikuambii alikuwa malaika. Kidole chake kilikuwa na tabia ya kulala juu ya mizani. Nikimwambia, "Toa kidole," anacheka, anakitoa, anasema kwa Kihaya chake cha kuvunjika kwamba kidole kimezeeka kinatafuta pa kukaa, halafu anaongeza kiganja cha chumvi juu. Tumegombana naye miaka yote, tukipumzika tunaulizana habari za watoto.

Lakini sikiliza. Nilikuwa nabeba kikapu cha maharage au karanga kutoka hapa nyumbani, nampelekea. Yeye anachukua, ananipa chumvi kwenye jani, mafuta ya taa kwenye chupa, na kipande cha sabuni alichokikata kwa uzi. Basi. Chakula kilikuwa hapa kwetu, na duka lilikuwa la kuongezea kile ambacho kibanja hakizai. Hatukwenda kwa Mama Zera kutafuta kula. Tungemwambia tumekuja kutafuta kula angetushangaa.

Na alikuwa anajua nani anakula nini. Siku moja nilikaa muda bila kwenda, nilipotokea akaniambia kabla sijasalimia, "Ma Justa, chumvi hukuja kuchukua. Nyumbani kwako hapapikwi?"

Nikamwambia mtoto anaharisha, hakuna aliye na hamu ya kupika.

"Na hukutuma mtu? Mimi nimekufa?"

Akafunga mchele kidogo kwenye karatasi, akaniambia nimpikie uji mwepesi, nimpe kidogo kidogo, nisimlazimishe. Nilipotaka kumwachia karanga zangu akazisukuma. "Mtoto akipona utaniletea maboga." Huyo mtoto ulikuwa wewe. Sasa nenda kamuulize yule kijana wa koti jeupe ni nani kwake anaumwa tumbo. Atakuonyesha pakiti.

Siku hizi kina mama wa hapa wanapanda basi kwenda mjini kununua sukari na mkate, wanaporudi wanapita mbele ya Mama Zera wakiwa wamefunika vikapu kwa aibu. Ameacha kununua maharage yetu kwa sababu hana wa kumuuzia. Kina mama wakaacha kupanda maharage zaidi ya ya kupika, halafu hata ya kupika wakaona ni kazi bure, maana makopo yapo. Ameniambia anafikiria kuhamia Mwanza kwa kaka yake. Nilipokuambia ulisema, "Atahama, biashara ndivyo ilivyo." Ulikuwa unafunga viatu. Hukuinua hata kichwa.

Usifikiri nilizaliwa na akili hii. Mimi nami mkate ulinizungusha. Ilikuwa bei ya kahawa ilipoanza kupanda, baba yako akiwa kijana kama wewe, na kila aliyekuwa na mibuni michache alijiona mtemi. Mkate ulikuja kwa gari kutoka Bukoba, mweupe, laini, umefungwa kwa karatasi. Nikaamua mgeni akija kwangu sitampa kahawa ya kutafuna kama washamba, nitampa chai ya sukari na mkate. Majirani wakasikia. Nikatembea shingo ndefu.

Akaja mama yangu mzazi, kwa miguu, kutoka mbali. Nikamkalisha, nikamwekea chai na mkate uliokatwa vizuri. Akala vipande vyote, akafuta mdomo, akaniangalia kwa upole.

"Tumekunywa, mwanangu. Sasa chakula kinaiva lini?"

Nilikuwa sina hata ndizi moja iliyomenywa. Nilidhani tumemaliza. Mama yangu alisubiri, alipoona nimesimama tu kama nguzo, akainuka akaenda jikoni, akatafuta kisu, akakaa chini na nguo zake za ugenini akaanza kumenya. Mgeni anamenya ndizi nyumbani kwa mwenyeji. Nilimnyang'anya kisu akakataa kukiachia. Hakunigombeza. Angenigombeza ningejitetea. Alimenya tu, na mimi nikachochea moto, na tulipokula akaniuliza habari za ng'ombe. Mpaka leo nikiona mkate mweupe mikono yangu inatafuta kitu cha kumenya.

Lakini mimi sikukata mgomba hata mmoja. Nilikuwa mjinga wa mdomoni, panga sikuligusa. Aliyeligusa ni jirani yetu Ta Bigirwa, na habari zake unazijua nusu kwa sababu ulikuwa shuleni.

Bigirwa alikata yote. Alisema kila mgomba unakalia nafasi ya mibuni miwili. Mwanzo alipendeza kweli: bati, baiskeli, viatu vya watoto, redio inayokohoa. Mke wake akawa anakaa barabarani kusubiri basi lilete unga. Mvua ikinyesha na basi likikwama kwenye tope, wanasubiri. Watoto wanakunywa chai ya sukari wanalala. Nilikuwa napitisha mkungu kule gizagiza, mke wake anaupokea kwa mlango wa nyuma, kwa sababu mumewe alikuwa hataki kujua ulikotoka.

Halafu wakaja watu wa posa kumwangalia binti yake, Adela. Watu wazuri, wa upande wa Bukoba. Wakaingia kwa njia ya kibanja kama kawaida, na yule mzee aliyewaongoza akasimama katikati ya mibuni, akatazama huku, akatazama huku.

"Ta Bigirwa, hapa watu wanakula nini?"

"Tunanunua, waitu," akajibu kwa heshima.

"Mkikosa?"

"Duka halikosi."

Mzee akatikisa kichwa kwa adabu. Wakapewa wali na nyama ya kopo, wakala, wakashukuru, hawakusema baya lolote. Nilikuwa jikoni kwao nasaidia, niliwasikia walipokuwa wanavaa makoti. "Binti mzuri. Lakini amekulia wapi? Mgomba hajaushika. Atakuja kutufungulia makopo." Wakaondoka na hawakurudi. Bigirwa alisema wamekosa adabu. Mkewe aliosha sahani kwa muda mrefu kuliko zilivyokuwa chafu.

Na mibuni yenyewe? Nenda kaitazame kesho ukielekea barabarani. Mbuni unapenda kukaa chini ya mgomba, upate kivuli na ubichi. Ile imesimama uchi juani, majani ya juu yamekuwa manjano, na upepo wa ziwani unaipiga kila jioni. Hata hiyo kahawa aliyoikatia migomba sasa inamkimbia. Wewe umesoma, na hukuiona, ingawa unapita pale kila siku. Au pengine unaangalia kitu kingine. Usifikiri sioni unavyopunguza mwendo karibu na nyumba ya Bigirwa.

Basi nikuambie usichokijua. Huyo Adela anakuja hapa asubuhi ukiwa bado umelala. Alikuja mwenyewe, akasimama nje ya ua na jembe la baba yake, akasema, "Ma Justa, nifundishe." Nikamuuliza kwa nini anataka kufundishwa na mzee mkali kama mimi. Akasema hataki tena kuulizwa amekulia wapi. Tangu hapo namwonyesha lipi ni chipukizi la kubakiza na lipi la kung'oa, namna ya kutandaza nyasi zisikumbatie shina, jinsi ya kujua mkungu umekomaa bila kuukata kwanza. Mikono ilimtoka malengelenge, akafunga kitambaa akaendelea. Anafundishwa katika migomba hiyo hiyo ya nyuma ya jiko, Kamugisha. Hiyo unayotaka kuikata. Juzi uliposema maneno yako kwenye chakula, kesho yake alipokuja sikuweza kumwambia. Nilimpa kazi ya kubeba samadi tu, akaniuliza kama ninaumwa.

Sasa nikuambie kilichonikasirisha kuliko vyote, maana unaweza kudhani ni samaki wa kopo. Mtu anaweza kula samaki wa kopo na bado akawa mtu. Nenda ukafanye kazi yako, uvae koti jeupe, upange pakiti zako zinyooke, nitajivunia na nitawaambia watu kanisani. Unga wako nao lete, sikukatazi, nitaupika uji siku za mvua. Kilichonikasirisha ni kwamba umewaita vijana wa Ngenge waje ukiwa umeshaondoka. Uliona vibaya mwenyewe. Ulijua kuna kitu hapo ambacho hutaki kukiona kinaanguka, ukanipangia mimi nikae jikoni nikisikia panga la watu nisiowajua, wewe ukiwa Bukoba unauza chumvi iliyofungwa. Babu yako alikuwa na makosa yake, alikuwa mlevi wa Jumamosi na mbishi wa siku zote, lakini kazi ya kibanja chake hakuwahi kuitupia mgeni akakimbia.

Nimefikiri sana niseme nini. Kukukataza siwezi. Kulia sitaki, macho yangu nayahitaji kwa kuchambua maharage. Kwa hiyo nimefanya hivi. Panga la babu yako nimelinoa leo mchana kwenye lile jiwe la kisimani, linakata unywele. Liko mlangoni kwa jiko, limeegemea ukuta, huwezi kulikosa. Basi la mjini halifiki mpaka jua liwe limepanda vizuri. Ukiamka, kama bado unataka migomba hiyo ianguke, nenda ukaianze wewe mwenyewe. Anza na ule mgomba wa nshakala ulio karibu na dirisha, ambao mama yake babu yako ndiye aliyeupanda na umekuwa ukizaa watoto wake pale pale mpaka leo. Mimi nitakuwa nimekaa kwenye kigoda nakutazama, na Adela atakuwepo kwa sababu sitamwambia asije. Sitasema neno. Ukimaliza nitakupa maji ya kunawa, nitakusindikiza mpaka barabarani kama kawaida, na nitakula unga wako.

Na ukiondoka bila kuligusa panga, nitajua umenijibu, huna haja ya kuniandikia. Vijana wa Ngenge wakifika nitawaambia mwenye kibanja ameacha kisimame. Watakuwa wametembea mbali na watakuwa na njaa. Nitawapikia ndizi na maharage, wale mpaka washibe, warudi kwao.

Mimi niliyekulea na bado sijachoka kukugombeza,

Bibi yako Justa